Paka Mgonjwa Akikukwaruza

Ufuoni mwa Kisian, kama popote omena wanapoanikwa, paka hawakosi. Wachache wana wenyewe, wengine hujitafutia. Wakiumwa na mbwa mwenye kichaa, nao huugua. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huwa wameambukizwa na mbwa, kwa hivyo paka husahaulika. Aliyeumwa na mbwa hukimbilia hospitali; aliyekwaruzwa na paka hupangusa damu akaendelea kupara samaki.

Paka mwenye kichaa mara nyingi huwa mkali ghafla: yule aliyezoea kulala mapajani anakurukia usoni. Mwingine hujificha, sauti hubadilika, udenda humtoka, miguu ya nyuma hulegea. Usimfungue kinywa ukitafuta mfupa uliokwama. Hapo ndipo mtu huumwa.

Virusi vimo kwenye mate, na paka hulamba makucha yake kutwa. Ndiyo maana hata mkwaruzo usiotoa damu tunauhesabu. Kutoka kwenye jeraha virusi hupanda polepole kwenye neva hadi ubongoni, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, pengine upesi zaidi jeraha likiwa usoni. Muda huo ndio wa kujiokoa. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaogopa hata maji ya kunywa, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo anza na maji na sabuni, pale pale nyumbani, kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inatosha. Maji yamiminwe kutoka kwenye jerikani yapite juu ya jeraha, usichovye mkono ndani ya beseni. Dakika 15 ni ndefu, hasa mtoto akiwa analia, basi tazama saa ya simu. Kisha pakaza iodini au spiriti kama ipo. Mafuta ya taa, pilipili, majivu: hapana.

Siku hiyo hiyo nenda hospitali. Ya Chulaimbo iko kwenye barabara ya Busia. Mjini Kisumu kuna ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. KEMRI ya hapa Kisian ni kituo cha utafiti, kwa hivyo usipoteze muda getini. Ukiambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani: uliza ni wapi ipo, uandikiwe barua uende. Sindano za tumboni wanazosimulia wazee ziliachwa zamani. Siku hizi mtu mzima hudungwa begani, na ratiba iliyozoeleka ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, siku ya 0 ikiwa ile ya sindano ya kwanza. Ngozi ikiwa imetoboka, daktari huongeza imunoglobulini ndani na kandokando ya jeraha. Mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa.

Na paka mwenyewe? Kama anaweza kufungiwa bila mtu kumshika, mfunike kwa tenga au mfungie chumbani, kisha mwite afisa wa mifugo. Akiwa hai na mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini ya kwanza haimngojei paka. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu wala usimtupe ziwani. Na asipigwe kichwani, jambo ambalo vijana wetu hulikimbilia, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara.

Waulize watoto pia, bila fimbo mkononi. Mtoto aliyekuwa akimchokoza paka huficha mkwaruzo.

Kisumu ni miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza mpango wa Kenya wa kutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia 2030, pamoja na Siaya, Makueni, Machakos na Kitui. Chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, uliza kama paka nao watachanjwa. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu. Mpeleke ndani ya kikapu chenye kifuniko, maana paka havutwi kwa kamba.