Mada: Kuingiza Nchini Metali za Thamani Zisizofanyiwa Kazi

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa utaweza:
(a) kutofautisha bidhaa zilizopigwa marufuku na bidhaa zenye masharti;
(b) kueleza hatua za kuingiza dhahabu nchini kihalali;
(c) kutumia sheria kujibu swali la tukio.

1. Utangulizi
Mpemba iko kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, jirani na mpaka wa Tunduma, mkoani Songwe. Malori yenye mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita kwenye mizani ya Mpemba yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Kwa kuyaona kila siku, wengi hudhani metali yoyote huvuka mpaka kwa masharti yaleyale. Sivyo.

2. Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Pili, ina makundi mawili:
- *Sehemu A: bidhaa marufuku.* Haziingizwi. Mfano: fedha bandia.
- *Sehemu B: bidhaa zenye masharti.* Huingizwa iwapo masharti yametimizwa. Humo zimo metali za thamani zisizofanyiwa kazi, pamoja na vito vya thamani.

3. Maana ya maneno
*Metali ya thamani* ni dhahabu, fedha au platinamu. Shaba si mojawapo.
*Isiyofanyiwa kazi* ni ile ambayo haijatengenezwa kuwa bidhaa, kwa mfano donge la dhahabu lililoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Pete imekwisha kufanyiwa kazi.

4. Hatua za kufuata
(i) Pata nyaraka za nchi unakotoa mzigo, zikionyesha asili yake na ruhusa ya kuutoa.
(ii) Omba kibali cha kuingiza madini kutoka Tume ya Madini kabla ya kuvuka.
(iii) Tamka mzigo kwa forodha katika Kituo cha Pamoja cha Tunduma na Nakonde, ukieleza aina, uzito na thamani halisi.
(iv) Ruhusu ukaguzi, lipa kinachodaiwa na utunze stakabadhi.

Zingatia: Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, haufungwi na masharti ya Sehemu B kwa kawaida, mradi utoke nchini ndani ya muda uliowekwa. Hata hivyo, lazima utamkwe. Nayo mizani hupima uzito wa gari. Kupita mizani si kibali cha forodha.

5. Adhabu
Kifungu cha 200 kinaweka kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo kiforodha, au vyote viwili. Mzigo nao hutaifishwa.

6. Swali la mfano
Mfanyabiashara amevuka kutoka Nakonde na donge la dhahabu lenye thamani ya shilingi 40,000,000. Hana kibali na hakutamka. Anajitetea kuwa dhahabu si bidhaa marufuku. Jadili.

Jibu: Ni kweli dhahabu si marufuku, lakini utetezi huo haumwokoi. Donge ni metali ya thamani isiyofanyiwa kazi, hivyo ni bidhaa yenye masharti, naye hakuyatimiza. Faini ni 50/100 × 40,000,000 = shilingi 20,000,000. Dhahabu yenyewe hutaifishwa, hivyo hasara inafika shilingi 60,000,000, na anaweza pia kufungwa.

Angalizo: Anayekutwa na mzigo huweza kushtakiwa hata kama si wake, ikiwa alijua au alipaswa kujua kilichomo. Ukiombwa "kuvusha kifurushi kidogo tu", uliza kilichomo na uone kibali. Pasipo majibu, kataa.

Jipime: Kwa nini lori la shaba la transiti na donge la dhahabu mfukoni havifuati masharti yaleyale? Toa sababu mbili. (Alama 4)