Aliye Nyuma Si Abiria

Usimpakie mtu kwenye tandemu kama abiria wa bodaboda. Sheria nyingine zote nitakazotaja zimezaliwa na hii. Bodaboda ilianza kwa baiskeli, kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda: unakaa kwenye keria, unavushwa, unalipa, unashuka. Tandemu, baiskeli ya watu wawili, si hivyo. Wa nyuma ana pedeli zake, na upande wa kushoto kuna mnyororo unaozifunga pedeli zake na zako. Ukizungusha, anazungusha. Ukisimamisha miguu ghafla, yake nayo inasimama, na hajui kwa nini.

Nawaandikia wenzangu wa Stratford, mashariki mwa London, na mitaa ya jirani, wenye macho, mliojiandikisha kuwaongoza ndugu wasioona kutoka Land's End, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, hadi John o' Groats, kaskazini mwa Scotland: zaidi ya kilomita 1,400, siku 9 au 10, gari la huduma likifuata. Nawasemea ninyi wa mbele kwa sababu makosa mengi ni yetu. Mimi niliyafanya nikiwa na mama mmoja mzaliwa wa Likoni, jirani yangu, ambaye presha ya macho ilimwachia mwanga na kivuli tu.

Jifunze kuondoka na kusimama kabla ya kujifunza mbio. Pale Lee Valley VeloPark, ndani ya Bustani ya Olimpiki, ipo barabara ya baiskeli ya mzunguko wa kilomita 1.6, haina gari wala taa. Hapo ndipo pa wiki za mwanzo. Wewe nahodha tanua miguu, finya breki zote mbili, baiskeli itulie kama imetia nanga. Miguu itanuke kweli, la sivyo pedeli ikizunguka itakuchuna ugoko. Mwenzio anapanda kwanza, anaweka viatu, anazungusha pedeli kinyumenyume mpaka ile anayoitaka iwe juu. Kisha anasema, "Tayari." Yeye ndiye anayesema, si wewe. Rudieni mpaka lisiwe jambo la kufikiria.

Katika jengo lililo kando ya barabara hiyo, lenye njia ya mbao ya mita 250, Neil Fachie, ambaye haoni vizuri, na nahodha wake Barney Storey walishinda dhahabu ya kilomita moja katika Michezo ya Paralimpiki ya 2012. Walivishwa medali wote wawili. Likumbuke hilo siku utakaposimulia kwamba ulipanda mlima fulani. Mlipanda.

Usidhani Stratford itakuandaa kwa milima. Stratford ni tambarare kama sinia. Pandeni kupitia Leytonstone na Woodford hadi High Beach, ndani ya msitu wa Epping, mshuke, mpande tena, siku mbili mfululizo, maana ni siku ya pili inayosema ukweli kuhusu magoti. Na hapo bado. Vilima vya Cornwall na Devon ni vifupi, vikali na havikupi nafasi ya kupumua. Ukimaliza kimoja kingine kimeshaanza. Shap, kule Cumbria, ni mpando wa aina nyingine: mrefu, wa polepole, hadi juu ya mita 400, na upepo usoni.

Badilisha gia kabla ya mlima, si mlimani. Nguvu za watu wawili juu ya mnyororo mmoja huweza kuukata. Tamka "gia", wote mlegeze miguu, ubadilishe, kisha mkaze.

Usishindane na wa baiskeli za mtu mmoja kwenye mpando. Watakupita. Tandemu hupanda taratibu. Msisimame kwenye pedeli bila kuhesabu pamoja. Mmoja akisema tushuke tusukume, mnashuka, bila mjadala. Na haki hiyo ni ya wa nyuma kama ilivyo yako.

Mtelemko ndio unaonifanya niandike kwa ukali. Watu wawili na baiskeli yao hupita kilo 150 bila shida, na uzito huo ukipewa mteremko hautaki kusimama. Kama breki zako hubana ringi, usizishike kidogokidogo njia nzima. Joto lote linaingia kwenye ringi, linapita kwenye tairi, na tyubu hupasuka mkiwa kwenye kona. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, badilisha kati ya mbele na nyuma. Kabla hujalipa hata ada ya safari, mwombe fundi akufungie breki ya tatu au diski kubwa, na magurudumu yenye spoku nyingi. Simameni katikati ya mteremko mrefu. Sogeza kiganja karibu na ringi, usiiguse. Utahisi kama umekisogeza kwenye jiko la mkaa.

Na sema. Wakati wote, sema. "Shimo." "Tuta." "Kona kushoto." "Naacha pedeli." Neno litangulie jambo, hata kwa nusu sekunde, ili mwili wa mwenzio ujiandae. Asiyeona shimo hawezi kujinyanyua kitini, na kila tuta usilolitaja linampiga uti wa mgongo. Siku ya pili, Devon, tulishuka kwenye njia nyembamba yenye kuta za majani pande zote, barabara imelowa. Niliogopa. Nikafunga mdomo, nikashikilia breki na macho yangu tu. Tulipofika chini salama nikaona vidole vya yule mama wa Likoni vimekakamaa kwenye usukani wa nyuma, vyeupe kwenye vifundo, havitaki kufunguka. Alikunywa chai nusu kikombe kabla ya kusema: "Mwanangu, ukinyamaza mimi najua kuna hatari. Ila sijui ni ipi." Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo sijanyamaza mtelemkoni.

Usimfuate mtu kwa karibu. Kwenye tambarare na miteremko tandemu huwapita wengi, na wanaokutangulia hawalijui hilo. Acha nafasi, piga kengele mapema.

Usidhani treni itawabeba. Kampuni kadhaa za treni Uingereza hazipokei tandemu. Uliza kabla ya kukata tiketi, na uliza waandaaji kama gari lao la huduma lina nafasi ya baiskeli ndefu hivyo. Beba mwenyewe spoku, tairi na kiungo cha mnyororo wa kushoto. Gari la huduma limejaa vipuri vya baiskeli za kawaida.

Kila baada ya dakika 15, mnyanyukeni kitini wote wawili, hata kama hakuna anayelalamika. Wa nyuma huchubuka zaidi kwa sababu hubaki amekaa, na wengi huficha.

Usikubali kumjibia. Kwenye kila kituo cha chakula kuna mtu atakayekutazama wewe na kuuliza, "Anataka ndizi?" Geuza uso, umtazame mwenzio, unyamaze mpaka aulizwe yeye. Hapo ndipo pekee ninapokuruhusu ukimya. Wala usimsifu kwa ujasiri kama mtoto aliyechanjwa. Douglas Sidialo, Mkenya aliyepoteza macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, aliendesha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town. Miguu ilikuwa yake.

Usimwache amesimama katikati ya ukumbi wa hoteli ukaenda kuoga. Mpe ukuta au meza mkononi, mwambie mlango uko wapi, choo kiko wapi, baiskeli imeegeshwa wapi.

Mkifika John o' Groats, usikimbilie simu. Mpeleke hadi kwenye nguzo ya alama, aipapase kwa mikono yake. Mwambie bahari iko upande gani, na kama visiwa vya Orkney vinaonekana au vimefunikwa na ukungu. Picha baadaye.