Usiyahukumu Manukato kwa Harufu ya Kwanza

Likizo iliyopita ilibaki kidogo tu nimwite mtu mwizi. Hebu niwasimulie.

Nilidunduliza pesa nikamnunulia Mama chupa ndogo ya manukato. Dukani nilinusa mdomo wa chupa: machungwa matupu! Nikalipa. Nyumbani Mama akajipaka mkononi, na hata saa haikuisha, chungwa likawa limetoweka. Nikavaa viatu nirudi nikagombane na muuzaji. Mama akacheka, "Tulia, mwanangu. Kwani wewe chai huionja kwa mvuke?" Jioni aliponiita ninuse tena, mkono wake ulinukia lozi na vanila. Je, nani aliyeyabadilisha?

Basi tuingie darasani. Manukato ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyoyeyushwa katika alkoholi. Joto la ngozi huvigeuza mvuke, lakini kila kimoja kwa kasi yake.

Kwanza huondoka alkoholi, ambayo huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi. Ndiyo ule ubaridi unaousikia ukijipaka. Hufuata limonini, inayopatikana kwenye maganda ya machungwa, ambayo huchemka kwa nyuzi 176. Usidhani inachemka juu ya ngozi, la! Nguo hukauka kwenye kamba bila maji kuchemka, siyo? Lakini kwa kawaida, kitu kinachochemka kwa joto dogo hugeuka mvuke upesi. Ndiyo sababu chungwa halikai.

Pili huja matunda mazito, kama vile pichi. Harufu hiyo hutokana na laktoni, ambazo molekuli zake ni nzito kuliko za limonini, hivyo hubaki kwa saa kadhaa. Mwaka 1919, Jacques Guerlain wa Ufaransa alitumia laktoni ya aina hiyo katika manukato yake maarufu, Mitsouko.

Mwisho hubaki wazee wa baraza. Mmoja wao ni kumarini, iliyomo katika mbegu za tonka, mti wa Amerika Kusini. Hunukia kama lozi, vanila na nyasi kavu kwa pamoja. Kumarini huchemka kwa nyuzi 301, kwa hiyo haina haraka. William Perkin aliitengeneza katika maabara huko Uingereza mwaka 1868, na tangu hapo watengenezaji hawakutegemea mbegu pekee.

Ngozi nazo hazifanani. Ngozi kavu hupoteza harufu mapema. Yenye mafuta huishikilia zaidi. Pua nayo huzoea. Usipoisikia tena harufu yako, usijimwagie nusu chupa, maana jirani yako darasani bado anaisikia, tena sana!

Kwa hivyo, ukienda kununua, jipake tone moja mkononi, kisha utembee sokoni kwa saa moja au mbili. Rudi ukanuse, ndipo utoe pesa. Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Chungwa lilivuma, lozi likadumu.

Muuzaji yule hajui jinsi nilivyokaribia kumvunjia heshima mbele ya wateja wake, ilhali aliniuzia kitu halali. Likizo ijayo nitapita dukani kumwamkua.