Je, ninunue nebulaiza?

SWALI: Mwanangu wa miaka minne ana pumu. Akibanwa usiku, twapanda bodaboda hadi Mumias akawekewe nebulaiza. Je, ninunue yangu? – Mama, Musanda

JIBU: Pole, mama. Usikimbilie kununua. Nebulaiza hugeuza dawa ya maji, kwa kawaida salbutamol, iwe ukungu ambao mtoto huuvuta kwa dakika kumi hivi. Stima ikipotea, haikusaidii.

Kwa pumu isiyo kali sana, inhela yenye spesa (chombo chenye uwazi kinachowekwa kati ya inhela na mdomo wa mtoto) hufanya kazi vilevile. Utafiti wa Heather Zar na wenzake, Cape Town, uliochapishwa 1999, ulionyesha hata chupa ya plastiki ya mililita 500 yafaa kuwa spesa. Mwombe muuguzi akutengenezee. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, apumue mara tano au sita, kisha ubonyeze tena.

Ukinunua nebulaiza, kinyago kigande usoni. Usizimue dawa kwa maji ya bomba. Tumia maji ya chumvi ya hospitali. Osha kikombe cha dawa cha nebulaiza, ukianike.

Mbavu zikibonyea, akishindwa kuongea au midomo ikiwa ya buluu, endelea kumpa dawa mkielekea hospitali.