Je, Allah Ameumba Viumbe Wengine Mbali na Sisi?



Usiku mmoja baada ya darsa ya Isha hapa Busia, umeme ukiwa umekatika, ndugu mmoja alitazama nyota akaniuliza: "Wakipatikana viumbe wenye akili huko juu, imani yetu itabaki?" Hakuwa anatania. Somo hili ni lake, na la kila anayelibeba swali hilo kimya kimya.

Elimu ya nyota. Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Mwaka 1995 iligunduliwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Leo zinajulikana zaidi ya 5,000, wala hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na uhai, sembuse akili. Sisi wa karibu na ikweta huiona Rijili Kantori upande wa kusini jioni za mwezi wa Mei. Ni jirani yetu, lakini mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4 kutufikia.

Qur'ani. Sura Ash-Shura, aya ya 29, inataja kuwa Allah ametawanya "dabba", yaani viumbe hai wanaotembea, mbinguni na ardhini. Ibn Kathir ameeleza kuwa humo wamo malaika, majini, watu na wanyama. Je, wa mbinguni ni malaika tu? Sura An-Nahl, aya ya 49, inataja dabba, kisha inawataja malaika peke yao. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini tuwe waadilifu: dabba ni kiumbe hai, na aya haikusema ana akili kama yetu. Nayo Al-Israa, aya ya 70, inasema mwanadamu amefadhilishwa juu ya wengi katika viumbe. Haikusema wote.

Tahadhari. Ipo athari ya Ibn Abbas kuhusu ardhi saba, kila moja ikiwa na nabii. Al-Bayhaqi aliisahihisha isnadi yake, lakini akasema ni shadhi. Basi tusijenge akida juu yake. Pia, aya ya Ash-Shura inapotaja kukusanywa viumbe hao, Ibn Kathir ameifasiri kwa Siku ya Kiyama. Tusiigeuze kuwa utabiri wa vyombo vya angani.

Msamia wa Busia ya Uganda hashangai kuwa na ndugu Busia ya Kenya. Mpaka umewekwa na watu. Ukoo ulikuwepo kabla yake. Vivyo hivyo, upeo wa macho yetu si mpaka wa ufalme wa Allah. Katika swala za faradhi tunasoma Al-Fatiha mara 17 kila siku, tukimsifu Mola wa walimwengu wote. Wakipatikana viumbe wengine, tutakuwa tumemjua zaidi Mola yuleyule. Wasipopatikana, hatujapungukiwa na kitu.

Maswali ya halaqa
1. Kuna tofauti gani kati ya "inawezekana" na "imethibiti" katika akida?
2. Al-Israa, aya ya 36, inatufundisha nini kuhusu video tunazotumiana kwenye simu?

Wallahu a'lam.