Somo la Sita: Uponyaji wa Imani na Haki ya Mlaji Kuuliza

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kutenganisha ibada na biashara ya uponyaji, kupima madai anayotangaziwa, na kumlinda mgonjwa wake asiache tiba kwa sababu ya ahadi isiyothibitishwa.

1. Mahali ambapo mwongozo huu unahusika

Kando ya barabara za Mbagala, Tandika, Kawe na Tegeta, mabango ya mikutano ya maombi hutundikwa karibu na mabango ya viwanja na vifaa vya ujenzi. Baadhi huahidi kwamba kisukari, saratani au maambukizi ya virusi vya UKIMWI (VVU) yataondoka siku hiyohiyo.

Mwongozo huu hauhukumu imani ya mtu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa kuamini na kuabudu, na wagonjwa wengi hupata faraja ya kweli katika sala. Sala haina bei, wala haihitaji ushauri wa mamlaka ya umma. Hata hivyo, pale mafuta, maji au chumvi vinapouzwa kwa ahadi ya kuponya, au pale mgonjwa anapoambiwa atupe dawa zake ili kuonyesha imani, muumini huyo amekuwa pia mlaji. Mlaji ana haki ya kuuliza, na kuuliza si ujinga.

2. Funzo la Samunge

Mwaka 2011, kijiji cha Samunge katika eneo la Loliondo, wilayani Ngorongoro, kilijulikana Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa na wengi Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Alisema alioteshwa na Mungu, na kwamba kikombe hicho kiliponya magonjwa sugu, yakiwamo UKIMWI, kisukari na saratani. Bei yake ilikuwa shilingi 500 tu.

Watu walimiminika kwa mabasi, magari madogo na hata helikopta, wakiwamo wengi kutoka Dar es Salaam. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na iliripotiwa kwamba makumi ya wagonjwa walifariki wakiwa njiani au wakisubiri. Mwishoni mwa Machi mwaka huo, ilibidi watu waombwe wasiende kwa muda ili foleni ipungue.

Katika tukio hilo mlaji anapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba bei iliyotajwa haikuwa gharama halisi. Kikombe kiliuzwa shilingi 500, lakini nauli, chakula, malazi na siku za kazi zilizopotea viliigharimu familia mara nyingi zaidi. La pili ni kwamba usalama si uponyaji. Uchunguzi wa awali wa wataalamu wa serikali ulipoeleza kwamba kinywaji kile hakikuwa na madhara kwa kipimo kilichotolewa, wapo waliodhani imethibitishwa kuwa kinaponya. Hayo ni maswali mawili tofauti. Hata chai ni salama, ila haitibu saratani. Baadaye madaktari waliwapokea wagonjwa walioacha dawa za kufubaza VVU baada ya kunywa kikombe, hali zao zikiwa zimezorota.

3. Kwa nini ushuhuda pekee hautoshi

Mtu anayesimama mbele ya mkutano na kusema amepona aghalabu hasemi uongo. Anaeleza anavyojisikia. Hata hivyo, yako mambo manne yanayoweza kumpotosha yeye na wanaomsikiliza.

Kwanza, magonjwa mengi hupanda na kushuka. Maumivu ya mgongo, pumu na vidonda vya tumbo huweza kutulia kwa majuma kadhaa bila sababu inayoonekana.

Pili, mgonjwa huenda anaendelea na dawa. Mtu anayemeza dawa za kufubaza VVU kila siku anaweza kupimwa kiasi cha virusi na kuambiwa havionekani. Maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi. Virusi bado vimo mwilini, na akiziacha vitaongezeka tena.

Tatu, shangwe ya mkutano hupunguza maumivu kwa saa chache. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini uvimbe au sukari iliyo katika damu haiondoki kwa sababu hiyo.

Nne, anayeitwa jukwaani ni yule aliyepata nafuu. Aliyezidiwa yuko nyumbani, na aliyefariki hawezi kurudi kutoa ushuhuda. Kwa hiyo msikilizaji huhesabu waliopona bila kujua idadi ya wote waliojaribu.

4. Makanisa nayo huuliza

Wapo wanaodhani kwamba kuuliza ni kumkosea Mungu. Katika mji wa Lourdes nchini Ufaransa, ambako mahujaji Wakatoliki wamekuwa wakienda kuombea wagonjwa tangu mwaka 1858, kuna ofisi ya madaktari inayochunguza madai ya uponyaji. Maelfu ya watu wamesema waliponywa huko. Yaliyotangazwa na Kanisa kuwa miujiza hayafiki 80. Hapa nchini, makanisa yameanzisha hospitali kubwa, kama Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi, ambako sala na dawa hukaa chini ya paa moja.

Mlaji anaweza kuuliza maswali yanayofanana na ya wachunguzi hao:

(a) Je, ugonjwa ulithibitishwa kwa vipimo kabla ya maombi?
(b) Je, vipimo vilivyofanywa baadaye, katika hospitali isiyohusika na mkutano huo, vinaonyesha umekwisha?
(c) Je, mgonjwa alikuwa akitumia tiba nyingine?
(d) Je, nafuu imedumu kwa miezi au miaka?

5. Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama lishe wa Mbagala mwenye kisukari anahudhuria maombi mara nane kwa mwezi. Nauli ni shilingi 16,000. Chupa nne za mafuta ni 20,000. Sadaka ya mbegu ni 50,000. Na siku nane bila kufungua biashara zinampotezea faida ya 80,000. Jumla ni shilingi 166,000. Fedha anazoziona zikitoka kwa ajili ya mafuta ni sehemu ndogo tu ya hasara. Iwapo ameacha dawa pia, hasara inaweza kuwa upofu, kukatwa mguu au kifo.

6. Hatua za kuchukua

- Usiache dawa bila kauli ya mtaalamu wa afya. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na kuikatiza hujenga usugu. Mgonjwa anayetegemea insulini anaweza kufa ndani ya siku chache akiiacha. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU hutolewa bure katika vituo vya umma.
- Ukisikia umepona, kapime kwanza. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala ni miongoni mwa mahali pa kwenda.
- Bidhaa ikiuzwa kama dawa, ulizia usajili wake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ikiwa ni ya asili.
- Ukidanganywa katika ununuzi, tunza chupa, risiti, tangazo na ujumbe wa malipo ya simu, kisha wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Taarifa ipelekwe polisi.
- Katika mikusanyiko mikubwa, mtangulizeni mtoto na mgonjwa usalama. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msukumano wa kukanyaga mafuta ya upako.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ndugu yako anasema ameponywa na anataka kuacha dawa. Utamwambia nini bila kuidharau imani yake?
2. Mfa maji haachi kutapatapa. Mgonjwa aliyekata tamaa anahitaji nini kutoka kwa familia kabla hajaifikia ahadi ya bangoni?
3. Andika gharama zote za safari moja ya kutafuta uponyaji. Ipi ilikuwa kubwa kuliko ulivyodhani?