HAKI YA MJA HAIOZI



Mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Mamia ya raia waliuawa. Kongo ilishitaki nchi zote mbili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Kesi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006, kwa kuwa Rwanda haikukubali kuhukumiwa na mahakama hiyo. Uganda ilipatikana na hatia mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa makosa yake katika ardhi ya Kongo. Kati yake, milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu.

Basi somo ni hili. Fedha hiyo ni amana ya wajane, yatima na vilema. Anayeandikisha jina la uongo kwenye orodha, na mkubwa anayejikatia fungu, wote wanakula haki ya mja. Na haki ya mja haifutwi kwa sala wala saumu, mpaka irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe.

Mahakama ya La Haye humhukumu aliyeikubali. Siku ya Kiama hakuna atakayeulizwa kama anakubali.

Anayejua ukweli, aushuhudie. Allah atujaalie uadilifu. Amin.